Kilima cha Chwaka katika Kisiwa cha Pemba

Somo la mwezi huu lawachukua mpaka Kisiwa cha Pemba, upande wake wa kaskazini, karibu na kijiji cha wavuvi kiitwacho Tumbe. Huko kuna kilima kisicho kirefu, chenye mashamba ya mihogo na magofu ya mji wa kale, nacho chatazama bahari. Twataka mkipande pamoja nasi. Kwanza mtazame pande zote, kisha mtazame chini. Kutazama pande zote kila mwenye macho huweza. Kutazama chini hapana budi mtu afundishwe, na kwa ajili hiyo twaandika.

Mahali hapo huitwa Chwaka. Mtu asipachanganye na Chwaka ya Unguja, iliyo pwani ya mashariki ya kisiwa kile. Hii ni Chwaka ya Pemba, na sehemu yake moja hujulikana kwa jina la Haruni, ambaye habari zake tutazitaja mbele.

Wengi wetu ni watu wa bara. Tumesikia tangu shuleni kwamba pwani kuna kuta za mawe za zamani sana, na mtoto akimwuliza mwalimu, "Waliojenga ni nani?" mwalimu hujibu upesi kama alivyojibiwa yeye alipokuwa mtoto: "Wageni waliotoka ng'ambo." Jibu hilo ni fupi, nalo hupita kama maji. Lakini mtoto akiisha kulipokea, hupokea na jambo la pili ambalo mwalimu hakulisema kwa kinywa, ya kwamba babu zake walikaa tu chini ya mti wakiwatazama wageni wakijenga. Basi neno hili si dogo. Kilima cha Chwaka kina jibu lake, tena jibu lililo pana kuliko lile tulilofundishwa, ila hakimpi mtu atazamaye kuta peke yake.

Kufika si vigumu. Pemba iko kiasi cha kilomita 50 kutoka bara, ng'ambo ya mkondo wenye kina kirefu. Meli hufika Mkoani, upande wa kusini. Ndege hutua karibu na Chake Chake, katikati ya kisiwa. Na barabara ya lami yaenda kaskazini hata Konde. Njiani mtaona kwa nini Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani. Nchi ya magharibi ni vilima na mabonde yasiyohesabika, juu mikarafuu na minazi, chini mpunga. Na wakati wa mavuno karafuu huanikwa juu ya majamvi kando ya njia, hata msafiri huijua Pemba kwa pua kabla ya kuijua kwa macho. Lakini mkikaribia pwani ya kaskazini-mashariki nchi yageuka. Udongo wawa haba, mawe makali ya maweni yatokeza juu, na miti yawa mifupi. Mabadiliko hayo myakumbuke, maana tutayahitaji tukiwa juu.

Mgeni asipande moja kwa moja kama aliyeingia shambani mwake. Apitie kwa sheha wa mahali, apige hodi, aeleze shauri lake, na akipewa kijana wa kumwongoza ashukuru. Mavazi yawe ya heshima: wanawake wafunike mabega na wachukue kanga, wanaume wasiende vifua wazi. Nchi ile ni ya Waislamu wa tangu kale, na magofu tutakayoyakanyaga ni ya misikiti na makaburi ya wazee wao. Twashauri kupanda asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali, na katika miezi ya kipupwe, mvua za masika zikiisha. Chukueni maji ya kunywa. Viatu viwe vigumu, maana maweni hukata kama wembe, na vinyasi vya kando ya njia huficha mashimo.

Mkifika juu, pumzikeni kwanza. Mahali ni pakimya, na upepo ni mzuri. Upande wa mashariki mtaona hori la bahari lenye mikoko, na ng'ambo yake nchi ya Micheweni. Maji yakijaa, hori lang'aa lote. Yakipwa, tope na mchanga vyatokea, na watu wadogo kama sisimizi huonekana mbali wakiokota chaza na kome. Ngalawa za Tumbe hutoka na kurudi kwa kufuata maji hayo, wala si saa ya ukutani. Mkigeuka kuelekea barani mwa kisiwa, macho yapata kijani cha mabonde. Na kati ya bahari na mabonde kuna ile nchi kavu ya mawe.

Wageni wengi huona hayo, husema ni mazuri, wakashuka. Sisi twasema kwamba hayo mliyoyaona ni ukurasa wa kwanza wa habari za mji. Watu hawakuchagua kilima hiki kwa kupenda kutazama tu. Kutoka hapa mtu wa kale aliona kwa mara moja riziki zake zote: hori la samaki na vyombo, mabonde ya chakula, na maweni ya kutoa mawe, chokaa na miti ya kujengea. Mtu wa leo huenda akashangaa kuwa mji wa biashara ulikaa kwenye hori la kina kifupi, mahali ambapo meli kubwa haiwezi kutia nanga. Lakini chombo cha siku zile kilikuwa mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja. Mtepe uliingia na maji yaliyojaa, ukakaa juu ya mchanga maji yalipopwa, watu wakapakua mizigo kwa miguu yao, kisha ukaelea tena. Hori ambalo laonekana kwetu ni baya, kwa mtepe lilikuwa bandari njema.

Sasa natutazame kuta. Gofu kubwa ni la msikiti wa Ijumaa, na karibu yake yako makaburi yaliyojengwa kwa mawe. Mawe yenyewe ni matumbawe. Wajenzi wa pwani walijua namna mbili za kuyatumia. Ya kwanza ni kukata tumbawe laini lililo hai baharini: likiwa bichi hukatika kwa shoka karibu kama muhogo, na likikaushwa na hewa huwa gumu. Ya pili ni kuvunja mawe ya maweni ya nchi kavu na kuyashika kwa chokaa. Hiyo chokaa nayo ni matumbawe, yaliyopangwa juu ya tita kubwa la magogo na kuchomwa hata yawe unga mweupe. Kwa hiyo kila ukuta muuonao wamekula msitu. Tumbawe la baharini liliendelea kutumiwa mahali palipotaka nakshi, kama pembe za milango na kibla cha msikiti, maana lakubali patasi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchi ya Kenya, mchimbaji Mark Horton aliona jambo la ajabu chini ya msikiti mmoja: misikiti mingine, mmoja chini ya mwenziwe, na ile ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa midogo, imejengwa kwa miti. Ukuta wa mawe haukushuka kutoka ng'ambo siku moja ukiwa tayari. Ulianza kuwa fito, ukakua pamoja na watu wake.

Hapo ndipo tunapowaomba mtazame chini.

Kati ya gofu na gofu ni mihogo na nyasi, na mgeni hudhani ni mahali patupu. Sivyo. Mji wenyewe uko hapo. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, wataalamu wawili kutoka Marekani, walichimba Chwaka na Tumbe tangu mwaka 2002 pamoja na watu wa idara ya mambo ya kale ya Zanzibar, nao waliona kwamba mawe yalikuwa ya misikiti, makaburi na majengo machache. Watu wa mji, karibu wote, walikaa katika nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa makuti, kama nyumba nyingi za Pemba zilivyokuwa hata siku za baba zetu. Nyumba kama hizo zikifa hazisimami kuwa gofu. Huanguka, mvua huzilainisha, jembe hupita juu yake, na baada ya miaka 500 hubaki alama tu: donge la udongo mwekundu lililoungua, lenye mfereji wa ufito uliokuwamo, rangi ya ardhi iliyo nyeusi kuliko ya jirani yake, shimo la duara lililokuwa la nguzo, magamba ya kome, vigae. Inameni pembeni mwa shamba baada ya mvua, mtaona vigae vidogo vimeoshwa vikatokea. Vingi ni vya vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa hukuhuku, kisha kimoja kati ya vingi chang'aa rangi ya kijani au samawati. Hicho kilikuja kwa chombo kutoka Ghuba ya Uajemi.

Mtu akiona ukuta wa mawe na asione udongo, amehesabu matajiri na msikiti wao, akawaacha watu. Hilo ndilo kosa la waandishi wengi wa zamani. Walikuja wakapima kuta, wakaona nakshi, wakasema ni kazi ya ng'ambo, wakaenda. Hakuna aliyeinama.

Tumbe ya kale ilitangulia Chwaka. Haikuwa na ukuta hata mmoja wa mawe, nayo ilikaliwa tangu karne ya 7 hata katikati ya karne ya 10 hivi. Kijiji cha udongo mtupu! Hata hivyo wachimbaji walipata humo vigae vingi vya vyombo vya ng'ambo, na pia, kwa maelfu, vipande vya vigae vyenye mifereji myembamba. Mwaijua kazi yake? Ni vya kusugulia shanga za magamba. Mtu alitoboa kipande cha gamba, akakisugua katika mfereji huo hata kikawa duara. Vipande hivyo ni vingi huko kuliko mahali pengine pa pwani palipochimbwa. Basi watu wa Tumbe, wakikaa katika vibanda vya udongo, walikuwa mafundi na wafanya biashara, na bidhaa za bahari kuu ziliwafikia kabla hawajajenga ukuta. Wasiojua husema kwamba ukuta ndio huleta biashara na elimu. Huku Tumbe biashara ilikuwa karne kadhaa mbele ya ukuta.

Baada ya Tumbe kuachwa, Chwaka ulianza, yapata mwaka 1050, ukadumu hata karibu na mwaka 1500. Bw. Fleisher alitembea nchi iliyozunguka mji, akihesabu vijiji vya kale kwa vigae vyake, naye aliona kwamba vijiji vilivyokuwa vingi zamani za Tumbe vilipungua sana Chwaka ulipokua. Watu hawakufa wala hawakukimbia, waliingia mjini. Mji haukuwa wa watu waliopakuliwa kutoka katika jahazi. Ulijazwa na wakulima na wavuvi wa vijiji vya jirani, ambao mama zao na bibi zao walizaliwa humo humo kisiwani.

Twapenda kukaa kidogo katika jambo la chakula, maana ni jambo ambalo kila mama wa nyumbani atalielewa kuliko sisi. Wachimbaji wana namna ya kuosha udongo wa majaa ya kale: huumimina katika maji, na punje zilizoungua na kuwa makaa huelea juu. Mama Sarah Walshaw alizichunguza punje hizo moja moja. Katika udongo wa Tumbe aliona hasa uwele, ile nafaka ya Afrika. Katika udongo wa Chwaka aliona hasa mpunga, ambao asili yake ni Asia. Mwajua tofauti yake. Uwele huridhika na nchi kavu na mvua haba. Mpunga wataka bonde lenye maji, na kulisafisha, na mikono mingi wakati wa kupanda na wa kufukuza ndege. Kwa hiyo watu walipogeuza chakula waligeuza na kazi, na nchi, na pengine na mabwana. Kwa nini walikubali taabu hiyo? Wali ni chakula cha wageni na cha sikukuu hata leo. Katika maandiko yake ya mwaka 2010 Bw. Fleisher aliunganisha mambo hayo na zile bakuli pana za kigeni, akasema zilikuwa za karamu: mkubwa wa mji hupata ukubwa wake kwa kulisha watu. Na mahali pengi pa pwani mafundi walipachika bakuli kama hizo katika kuta za makaburi na za kibla. Sisi twaona maneno hayo yana nguvu. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa arusi ajua kwamba heshima yaweza kupimwa kwa sinia.

Mpunga huo haukukoma. Karne nyingi baadaye, Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus huko Mombasa mwaka 1593, na hata siku za Wamazrui walioitawala Mombasa baada yao, Pemba ilikuwa ghala ya Mombasa. Wamazrui waliishika mpaka miaka ya 1820, ndipo Sayyid Said alipowanyang'anya. Mkitazama tena bonde kutoka kilimani, mwatazama jambo ambalo watu walilipigania.

Sasa habari za vinywa. Wenyeji husimulia kwamba Haruni, mwana wa Ali, alikuwa mtawala wa mwisho wa mji huu, naye wamemwita Mvunja Pau. Na pau, kwa asiyejua, ni miti ya paa la nyumba. Humhesabu kuwa wa mbegu ya Mkama Ndume, bwana wa ngome ya Pujini, ambayo magofu yake yako kusini-mashariki ya Chake Chake. Jina la Mkama Ndume latosha kumweleza: kukama ni kukamua, na ndume ni wanaume. Husemwa kwamba aliwashurutisha watu kuchukua mawe ya ngome yake huku wakisota kwa makalio, wala hawakuruhusiwa kusimama. Katika Pujini mpaka leo kuna boma na handaki, na kisima ambacho husemwa kiligawanywa kwa ukuta kwa sababu ya wake wawili wasiopatana, na chumba chini ya ardhi chenye sura ya siwa iliyofanywa kwa chokaa ukutani. Siwa ni baragumu la enzi.

Je, tuyasadiki? Twafikiri masimulizi ya wazee yapimwe kama shahidi barazani: asikizwe mpaka mwisho, kisha aulizwe. Wachimbaji wamesema Pujini ni ya karne ya 15, na Chwaka waliachwa karibu na mwisho wa karne hiyo hiyo. Basi masimulizi yamshikapo mkubwa wa Pujini pamoja na mkubwa wa mwisho wa Chwaka, udongo hauwapingi. Lakini masimulizi mengine husema ngome ile ni kazi ya Wadiba, watu waliotoka visiwa vya mbali katika Bahari ya Hindi. Na waliochimba wanaona vyungu vya pwani yetu hii, na ujenzi wa pwani yetu hii. Hapo shahidi amevuka mpaka wa ajuayo.

Ni hivyo hivyo kwa neno la Washirazi. Karibu kila mji wa pwani husema kwamba wazee wake walikuja kwa merikebu kutoka Shiraz, nchi ya Uajemi. Wataalamu wa kizazi cha kwanza walilisadiki lote. Wa kizazi cha pili, walipokwisha kuona nyumba za fito chini ya nyumba za mawe, wengi wao walilikana lote, wakasema ni majivuno tu. Kisha mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, waliozikwa hasa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya miaka ya 1250 na 1800 hivi. Katika damu ya wengi wao, nusu au zaidi ilikuwa ya Waafrika, nayo ilitoka hasa kwa mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilikuwa ya Asia, hasa ya Uajemi, nayo ilitoka hasa kwa baba. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Basi wazee hawakusema uongo walipowataja Waajemi. Ila walitaja baba, wakanyamaza juu ya mama. Na mama ndiye aliyekuwa na nchi, na ndugu, na lugha, maana Kiswahili, kwa maneno yote ya kigeni kilichokopa, mifupa yake ni ya Kibantu kama Kizaramo na Kisambaa. Mwalimu aulizwapo barazani, "Waliojenga ni nani?" asiseme tena "wageni," wala asiruke upande wa pili kusema hapana mgeni aliyekuja. Aseme walijenga watu wa pwani, nao walikuwa na mama wa hapa hapa, na wengine wao walikuwa na baba waliokuja na pepo za kaskazi.

Chwaka haukuwa peke yake. Magharibi ya Chake Chake kuna rasi ndefu iitwayo Ras Mkumbuu, yenye gofu la msikiti mkubwa na makaburi ya minara, ambako James Kirkman alichimba na kuandika habari zake mwaka 1959. Msafiri al-Masudi alifika kisiwa kiitwacho Qanbalu mwaka 916, akakuta Waislamu wakisema lugha ya Zanj, na wengi hudhani Qanbalu ni mahali hapo. Yaqut, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 13, alitaja Mkumbuu na Mtambwe kuwa miji miwili ya Kisiwa cha Kijani, kila mmoja na mtawala wake. Mtambwe Mkuu ni kisiwa kidogo karibu na Wete ambacho maji yakipwa mtu hukifikia kwa miguu. Mwaka 1984 zilipatikana huko sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo sana, zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na chache za dhahabu za Mafatimi wa Misri. Watu waliopiga fedha zao wenyewe katika karne ya 11! Mwenye nafasi na aende akaone huko pia, lakini aanze Chwaka, kwa sababu huko udongo umesomwa vizuri kuliko pengine.

Twamaliza kwa mambo ya adabu, maana kilima hiki kina adui wengi wala hakina ukuta. Mizizi hupasua mawe. Jembe hushuka kila mwaka kidogo zaidi. Wala hatuwezi kumlaumu mkulima, maana ardhi ya jaa la kale ni nzuri kwa mihogo, na watoto wake hula mihogo, si vigae. Mgeni asiye na njaa hana udhuru huo. Serikali ya Zanzibar iliweka sheria ya kulinda magofu tangu mwaka 1927, lakini sheria haina macho kilimani siku zote. Msipande juu ya kuta kupigwa picha. Msiandike majina. Kigae mkikiona, kitazameni, wapeni na watoto wakitazame, kisha kiacheni pale pale kilipolala. Kigae kilichotolewa mahali pake ni kipande cha chungu tu, hakina tena wa kukihesabu pamoja na wenzake. Katika magofu ya Pemba huenda mkakuta ubani, au kitambaa, au vijisenti vilivyowekwa na mwenye haja yake. Msiviguse, wala msicheke. Kama mna hoja ya dini na jirani, kuna baraza na kuna siku yake. Kaburini si mahali pake. Na mtu akiokota sarafu au kitu cha thamani, amjulishe sheha, wala asikitie mfukoni.

Mkishuka kabla ya adhuhuri mtawahi pwani ya Tumbe ngalawa zikirudi, na samaki wakinadiwa mchangani kwa kelele nyingi. Kisha, katika kurudi Chake Chake, ulizeni ngome ya kale. Humo kuna makumbusho ya Pemba, na vitu vya kale vya kisiwa vimepangwa humo, hata asiye na nguvu za kupanda kilima aweza kuviona.